Muulize Mwalimu: Chumba chekundu cha Matisse

Kwenye ukurasa wa nyuma wa toleo lililopita tuliweka picha ya Henri Matisse, mchoraji wa Kifaransa, ya mwaka 1911. Inaonyesha chumba chake cha kazi: picha zake mwenyewe zimetundikwa na nyingine zimeegemezwa ukutani, kuna sanamu, meza, viti, kabati la droo, saa ndefu ya kusimama, na vyote vimezama kwenye rangi nyekundu moja, kuanzia sakafuni mpaka juu. Inaitwa Studio Nyekundu. Nilidhani nitapata barua mbili tatu za heshima. Nimepata mfuko mzima. Nyingi ni za hasira, na moja imeandikwa kwa wino mwekundu, bila shaka kwa makusudi. Nimechagua saba.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa kuandika mabango. Nimeitazama ile picha nikacheka. Huyo bwana aliishiwa rangi? Kiti mistari mitupu, meza mistari mitupu, saa mistari mitupu, hakuna kilichojazwa. Mimi nikimpelekea mteja kazi ya namna hiyo ananirudishia mlangoni.*
*Fundi Mabango, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Hakuishiwa rangi, tena kwa kazi yako hiyo wewe ndiye ungetakiwa kunieleza mimi. Ukitaka herufi nyeupe kwenye ubao wa buluu, una njia mbili. Ya kwanza, unapaka buluu ubao mzima, ikikauka unaandika herufi kwa nyeupe juu yake. Ya pili, ubao ni mweupe tayari, unachukua buluu unaizungusha pembeni mwa herufi, taratibu, kona kwa kona, na herufi inakuwa ile sehemu ambayo brashi yako haikuigusa. Ya pili inaumiza mgongo, lakini unajua mwenyewe jinsi herufi yake inavyokaa.

Matisse alitumia ya pili. Mistari ya kile kiti haikupigwa juu ya wekundu. Ni mianya. Wekundu umekuja kutoka upande huu ukasimama, umekuja kutoka upande ule ukasimama, na katikati imebaki njia nyembamba ya rangi iliyokuwapo tangu mwanzo.

Sasa ngoja nikiri jambo. Mimi nilifundisha sanaa chuoni kwa miaka mingi, na miaka yote hiyo nilifundisha picha hii kwa makosa. Nilikuwa na kadi ya posta, kubwa kama kiganja, nimeibandika kwa selotepu kwenye mlango wa kabati ofisini. Kila mwaka nilikuwa nawaita wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nawaambia: oneni, amechukua brashi nyembamba, akapiga mstari wa njano juu ya nyekundu. Hakuna aliyebisha. Wangebishaje? Kadi yenyewe ilikuwa hiyo hiyo moja, na mwalimu ndiye amesema.

Desemba 2022 binti yangu aliyeolewa Copenhagen alijifungua, nikaenda kulea mzazi. Wiki ya tatu akaniona nimeanza kuongea na sufuria, akaniambia, "Mama, leo toka kidogo," akanipandisha basi mpaka Statens Museum for Kunst, jumba la taifa la sanaa la Denmark. Picha ilikuwa imesafirishwa kutoka New York, ndiko iliko siku zote, na wenyewe walikuwa wamefanya jambo ambalo sijapata kuliona: walizikusanya zile picha na sanamu zilizochorwa ndani yake, zile halisi, wakaziweka karibu nayo. Unaona sahani ndogo ya kauri ndani ya kabati la kioo, unageuka, unaiona tena imechorwa pembeni mwa meza.

Kitu cha kwanza kilichonishtua ni ukubwa. Kwenda juu ni sentimita 181, yaani ulinganishe na kitanda chako cha sita kwa sita, na kwa upana ni sentimita 219, inazidi kitanda hicho. Kadi yangu ilikuwa imenidanganya hata hapo. Nikasogea. Nikasogea tena. Mlinzi, kijana mpole, akanionyesha kwa mkono nirudi nyuma, lakini nilikuwa nimeshaona. Kwenye mgongo wa kiti wekundu una alama za nywele za brashi, mahali umekuwa mzito, mahali umekuwa mwepesi, halafu unakoma. Chini kidogo, ndani kabisa, kuna njano iliyofifia. Iko chini kuliko wekundu, kama kinjia cha miguu kati ya mashamba mawili. Mahali pengine kinachochungulia si njano, ni buluu au waridi. Nikasema "Lahaula!" kwa sauti, watu wakageuka.

Wale mliowahi kutia batiki mnalielewa hili bila kuona picha. Mstari mweupe wa batiki hakuna aliyeuchora kwa nyeupe. Ni kitambaa kilichokingwa na nta, rangi ikapita pembeni. Tofauti ni kwamba Matisse hakuwa na nta. Alikuwa na mkono wake na subira. Mtu mwenye mwanya hajaongezewa kitu mdomoni, na ndivyo kile kiti kilivyo.

Wanafunzi wangu wa zamani mnaosoma hapa, mnisamehe. Alama zenu za mtihani sirekebishi.

*Mwalimu, salamu kutoka Mombasa. Mimi na mume wangu tumewekeana dau la kilo moja ya halua. Yeye anasema nyekundu ile ni hasira, ni damu. Mimi nasema ni mapenzi. Nani anakula halua?*
*Mama Halua, Mombasa*

Halua nitumieni mimi, nyote mmekosa.

Chumba chenyewe hakikuwa chekundu. Kilikuwa banda la kazi ambalo Matisse alilijenga kwenye bustani ya nyumba yake huko Issy-les-Moulineaux, nje kidogo ya Paris, baada ya kuhamia huko na mkewe na watoto mwaka 1909. Lilikuwa la kuunganishwa vipande vilivyokuja vimekatwa tayari, kila upande mita kumi hivi. Na picha nayo haikuanza nyekundu. Wahifadhi wa picha wameipiga eksirei, wameitazama kwa hadubini, wameona yaliyo chini: kuta zilikuwa buluu, sakafu waridi, fanicha zilikuwa za rangi ya njano ya udongo. Mtu yeyote angesema imekwisha. Aliiacha ikakauka kabisa, ndipo akarudi na nyekundu akaipitisha juu ya karibu kila kitu, akaziruka picha na sanamu, na akaacha ile mianya niliyomweleza Fundi Mabango. Watu walipomuuliza nyekundu hiyo kaitoa wapi, alijibu kwamba hata yeye hajui. Anachojua ni kwamba vile vitu vilikuwa vyenyewe kwake pale alipoviona pamoja na nyekundu.

Basi mimi nasema hivi, na hili ni langu. Katika ile picha ya kwanza, iliyoko chini, kabati lilikuwa na rangi yake, sakafu na rangi yake, ukuta na rangi yake, kila kimoja kikitaka kutazamwa. Ni kama sebule ya mtu aliyenunua makochi, mapazia na zulia kwa siku moja. Nyekundu ilipopita, fanicha zikanyamaza. Kilichobaki na rangi zake kamili ni kazi ya mikono yake tu. Hapo ndipo unapojua mwenye chumba anaangalia nini akiingia asubuhi.

Na nyekundu yenyewe, Mama Halua, si ya damu wala si ya waridi la harusi. Wachoraji wa Ulaya wanaiita nyekundu ya Venezia, nayo ni oksaidi ya chuma, yaani kwa lugha ya nyumbani ni kutu. Ndiyo hiyo hiyo tunayochanganya kwenye saruji kupata sakafu nyekundu. Nyumba niliyozaliwa, Tanga, ilikuwa na sakafu hiyo, na Ijumaa asubuhi tulikuwa tunapiga magoti, nta mkono mmoja, kitambaa kikuukuu mkono wa pili, mpaka ukimwona mgeni anateleza unajua kazi imekubalika. Niliposimama mbele ya ile picha sikuona hasira. Niliona sakafu ya mama imepanda ukutani. Ukitaka kuiona bila nauli ya ndege, panda Lushoto mvua ikikatika, tazama udongo wa barabarani.

Kuna jambo dogo nalipenda: Matisse alikulia Bohain, mji wa wafumaji kaskazini mwa Ufaransa, baba yake akiuza mbegu na vifaa, na mama yake alikuwa akihudumia upande wa rangi za nyumba dukani humo, akiwashauri wateja. Kwa hiyo mtoto alijua rangi kwanza kama kitu cha kopo, cha kupaka ukuta.

*Kwa Mhariri na Mwalimu. Nimesikitika sana. Gazeti hili naliacha mezani, binti yangu wa darasa la sita analisoma. Katika picha ile kuna wanawake wasio na nguo, tena si mmoja. Hiyo ndiyo sanaa mnayotaka kutufundisha?*
*Mzazi, Singida*

Ndugu Mzazi, una haki ya kusikitika na sitakuhubiria. Nimehesabu. Ndani ya picha kuna kazi 11 za Matisse, na katika hizo saba zina mwanamke au wanawake wasiovaa: picha nne, sahani moja, sanamu mbili. Zilizobaki ni kijana baharia aliyevaa nguo zake zote, ua kwenye chungu, kinu cha zamani cha Corsica, na sanamu ya kichwa cha mwanamke. Enzi hizo Ulaya mchoraji alijifunza kazi kwa kuchora mtu asiyevaa, na mlipwaji aliyekaa mbele yake alikuwa akifanya kazi ya ujira kama kazi nyingine. Hilo ni jambo la kwao, halikulazimu wewe ulipende.

Ila kwa kuwa umetazama kwa makini kiasi cha kuhesabu, nikuambie kuhusu yule mkubwa wa upande wa kushoto, wa rangi ya waridi, aliyezungukwa na maua. Picha yake halisi haipo duniani. Matisse mwenyewe hakuridhika nayo, akaacha maagizo iharibiwe, na ikaharibiwa. Copenhagen waliweza kutafuta kazi kumi. Ya kumi na moja ndiyo hiyo, nayo rangi zake zimebaki humu tu, ndani ya picha ya chumba alichokuwa ameiegemeza. Alipoipaka hakujua kama anaiandikia wasifu.

Binti yako akiuliza, mwambie ni picha za ndani ya picha. Kama hutaki aulize, kunja ukurasa, mimi sitakasirika. Nilipokuwa nafundisha niliwahi kuiziba sehemu hiyo kwa kipande cha gazeti siku mkaguzi alipokuja, na somo halikuharibika.

*Mwalimu, mbona saa haina mishale? Imekufa? Au fundi alisahau?*
*Msomaji, Bujumbura*

Uso wa saa upo, mishale, au akrabu kama tunavyosema sisi wa pwani, haipo. Wengi wanaandika kwamba maana yake ni muda kusimama. Huenda. Mimi naona kuna sababu ya kifundi zaidi. Tazama tena, utafute kona ya chumba, pale kuta mbili zinapokutana. Hutaiona, wekundu umeimeza. Sasa ziba saa kwa kidole. Picha yote inaanza kuelea, hujui ukuta ni upi. Saa ndiyo nguzo, imesimama wima karibu na katikati, imeshikilia nyumba. Ingekuwa na mishale ungesoma saa tatu na robo ukaanza kujiuliza huyo bwana saa tatu na robo alikuwa wapi.

Jambo ambalo ndugu yetu wa Zanzibar ameliuliza hata hivyo.

*Assalamu alaykum Mwalimu. Ni chumba chake, vitu vyake, picha zake. Yeye yuko wapi?*
*Mdadisi, Zanzibar*

Wa alaykum salaam. Umebisha hodi, hukujibiwa, mlango uko wazi, ukachungulia. Ndivyo picha inavyokuweka. Mbele kabisa, karibu na tumbo lako, kuna meza: sanduku la kalamu za rangi limefunguliwa, gilasi, ile sahani, chombo cha kijani chenye mmea unaotambaa. Kalamu ziko pale ukinyoosha mkono unazichukua. Mimi nilisimama pale nikahisi aibu kidogo, kama mtu aliyeingia chumba cha mwenzake akaanza kugusa vitu.

Hayupo, na sidhani kama alisahau kujiweka. Lakini hakuacha kuvichora vyumba vyake vya kazi, na kila mara alilijibu swali lako kwa namna nyingine, ndiyo maana nalipenda. Mwaka huo huo wa 1911, miezi michache kabla, alikuwa ameshachora banda lile lile likiwa na sakafu ya waridi, dirisha, na skrini iliyotundikwa kitambaa katikati. Hiyo iko Moscow, jumba la Pushkin. Ni nzuri, ni ya adabu, na ukitoka hapo huikumbuki. Hapo napo hayupo.

Kisha vita. Majira ya 1916 na 1917 alikuwa akifanya kazi kwenye fleti ya Quai Saint-Michel, Paris, ghorofani, dirisha linatazama mto Seine. Chumba cha kawaida, hata kidogo. Kuna picha mbili za hapo nataka uzitafute. Ya kwanza iko Washington, kwenye jumba la Phillips: mwanamke amelala kitandani, mto unaonekana dirishani, na mbele ya ubao wa mchoro kuna kiti kitupu. Mwenye kiti ametoka, au wewe ndiye umekalia nafasi yake. Ya pili iko Paris, kwenye kituo cha Pompidou: safari hii yupo! Amekaa na ubao wake, mwanamke wa gauni la kijani amekaa kule mbele. Unamsogelea umwone uso. Hana uso. Hana macho, hana mdomo, ni umbo la rangi moja kama kinyago ambacho hakijachongwa. Mwanamke aliye ndani ya ile picha ndogo anayoichora anaonekana zaidi kuliko yeye anayemchora.

Nilikaa sana na hiyo nikiwa na kitabu cha maktaba mapajani, mjukuu amelala. Nikamkumbuka baba yangu, aliyekuwa anaandika majina ya majahazi bandarini. Ukimpitia akiwa kazini ukamsalimia, alijibu, lakini ukimuuliza jioni nani alipita hakumbuki, na wewe ukiulizwa baba alikuwa na sura gani unakumbuka mkono.

*Mwalimu, tuache mashairi. Nani alinunua kitu kile, na alilipa ngapi?*
*Mfanyabiashara, Dar es Salaam*

Bei sina, ila habari ya mauzo itakupendeza, maana ni habari ya mzigo uliokataa kutoka.

Mteja wake mkubwa alikuwa Sergei Shchukin, tajiri wa vitambaa wa Moscow, ambaye ile studio ya waridi alikuwa ameshaichukua. Mwanzoni mwa 1912 Matisse akamtumia kijipicha cha rangi za maji kumwonyesha hii nyekundu. Shchukin akajibu kwa upole kwamba bila shaka ni ya kuvutia, lakini siku hizi anapenda zaidi picha zenye watu. Kwa Kiswahili cha Kariakoo: nitapita kesho. Mwaka huo huo ikaonyeshwa London, haikununuliwa. Mwaka 1913 ikavuka bahari, ikaonyeshwa New York, Chicago na Boston kwenye maonyesho makubwa ya sanaa mpya. Huko Chicago wanafunzi wa sanaa walifanya kesi ya kumkejeli Matisse na kuchoma moto nakala za picha zake nyingine. Hii ikarudi nyumbani salama, bila mnunuzi.

Alikuja kuinunua Mwingereza David Tennant mwaka 1927, yaani miaka 16 baadaye, naye hakuiweka sebuleni. Alikuwa na klabu ya usiku mtaa wa Soho, London, ikiitwa Gargoyle, ndiko ilikotundikwa. Watu wakicheza dansi, wakivuta sigara, wakimwaga vinywaji, mpaka miaka ya mwanzo ya 1940. Mwaka 1949 ikanunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, na huko imekaa. Leo wenye fedha zao wakisimama mbele yake wanaongea kwa kunong'ona. Mimi natamani ningeiona kwenye klabu, taa hafifu, bendi inapiga. Nyekundu ile ni ya kuchezewa muziki.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mchoraji, napanga chumba kimoja Mbeya. Nachorea humo humo ninamolala. Nikisoma habari za wasanii naona wana mabanda ya mita kumi. Sasa mimi nichore nini kwenye chumba cha kitanda na ndoo? Na mwenye nyumba ananisema kuhusu harufu ya rangi.*
*Mpangaji, Mbeya*

Marahaba. Banda la mita kumi lilikuwa la miaka michache. Matisse alichorea fleti, alichorea vyumba vya hoteli, na baada ya upasuaji mkubwa wa mwaka 1941 alifanya kazi nyingi akiwa kitandani au kwenye kiti cha magurudumu, akikata karatasi kwa mkasi, na akitaka kuchora ukutani anafunga mkaa kwenye ncha ya fito ndefu. Mwaka 1948, akiwa mji wa Vence kusini mwa Ufaransa, ana miaka 78, alikirudia chumba chekundu: meza mbili, maua, picha mbili ukutani, ngozi za wanyama sakafuni, nyekundu kila mahali. Baada ya hapo picha kubwa za brashi aliziacha karibu kabisa, akabaki na mkasi wake. Alifariki mwaka 1954. Kwa hiyo kitanda si udhuru, mwanangu.

Chora kitanda na ndoo. Nitakupa zoezi ambalo ningewapa wanafunzi wangu kama ningejua mapema.

Tafuta kipande cha ceiling bodi, upande laini. Kipake chote rangi nyepesi, njano au waridi, rangi ya maji ya ukutani inatosha, hiyo haina harufu ya kumkera mwenye nyumba. Iache kutwa na usiku. Kesho yake, kwa penseli, weka vitu vya chumbani kwa mistari miepesi: kitanda, ndoo, dirisha, nguo zilizotundikwa msumarini, na kazi zako zilizoegemea ukuta. Kazi zako zijaze rangi zake kabisa, zile zile zilizonazo. Vingine usivijaze.

Nenda duka la vifaa vya ujenzi, omba oksaidi nyekundu ya unga, robo kilo itakutosha mwaka mzima. Korogea kwenye gundi nyeupe ya mbao iliyolegezwa kwa maji mpaka iwe kama uji wa mgonjwa. Sasa paka wekundu kila mahali, ila kila ufikapo kwenye mstari wa penseli, simama, uruke, endelea upande wa pili. Anza na ndoo, ndiyo rahisi. Mkono wa ndoo utakusumbua, ni mwembamba na umepinda. Geuza ubao badala ya kugeuza mkono wako.

Utaziba mianya mingi mara ya kwanza. Ukiziba, usichukue njano ukapiga juu, nitajua. Wekundu ukiwa bado mbichi, kwangua kwa njiti ya kiberiti iliyochongwa, ya chini itatokea. Ukishakauka umechelewa, kitu hicho kimezama, kiache kizame, pengine kilikuwa hakitakiwi. Mimi kwenye jaribio langu nilipoteza mguu mmoja wa meza na sijauonea huruma.

Ukimaliza piga picha, tuletee, tutachapisha zile tatu zitakazonifurahisha. Na kabla hujafungua oksaidi, tandika nailoni chini. Ikidondokea saruji ya mwenye nyumba haitoki.